Dakika Moja Baada ya Kipyenga

Kipyenga cha mapumziko kikilia kwenye viwanja vya Lamadi, mkoani Simiyu, wachezaji wengi hufanya jambo lilelile: wanainama, viganja magotini, mgongo umepinda, midomo wazi. Kocha naye ana lake. "Simameni wima! Mikono kichwani, fungueni kifua!" Anayeendelea kuinama anaambiwa hana pumzi, na wakati mwingine anakula benchi kipindi cha pili.

Kocha anakosea, na ushahidi upo. Mwaka 2019 watafiti wa Western Washington University, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wachezaji 20 wa kike wa soka. Waliwakimbiza kwenye mashine vipindi vinne vya dakika nne nne, kwa kasi iliyoufikisha moyo asilimia 90 hadi 95 ya uwezo wake wa juu, na baada ya kila kipindi wakawapumzisha dakika tatu. Siku moja walipumzika wameshika magoti, siku nyingine wameweka mikono kichwani. Waliposhika magoti, mapigo ya moyo yalishuka kwa wastani wa 53 ndani ya dakika ya kwanza. Walipoweka mikono kichwani yalishuka 31. Watu ni walewale na mazoezi ni yaleyale, kilichobadilika ni mkao. Ukiinama na kushika magoti, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hukaa vizuri zaidi kwa kazi ya kuvuta hewa, na mwili hutulia mapema.

Nimeanza na jaribio hilo kwa makusudi. Pengo la mapigo 22 linaloletwa na mkao peke yake linatosha kumeza tofauti nyingi tunazopenda kuzibishania vijiweni: kwamba mwendesha baiskeli ana moyo kuliko mcheza mpira, kwamba mvuvi anamshinda mkimbiaji, kwamba wa netiboli hawana mazoezi ya maana. Anayeleta hoja hiyo aulizwe kwanza: ulipowapima, walikuwa wamesimamaje?

Lamadi ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inakutana hapo na ile ya Bariadi, lango la Ndabaka la Serengeti liko jirani, na Ziwa Victoria liko mkono wa pili. Ndani ya mwendo mfupi utakutana na kijana anayecheza kiungo, binti wa netiboli, mvuvi aliyekesha akikokota nyavu za dagaa, na mwanamume anayebeba gunia la mkaa kwa baiskeli isiyo na gia. Simiyu Jambo Festival, tamasha la mkoa linalofanyika Bariadi, limekuwa likiwakutanisha waendesha baiskeli na wacheza ngoma. Hawa wote ni wanamichezo kwa maana ya moyo, hata kama wengine hawajawahi kuvaa jezi.

Sasa tuingie ndani ya kifua. Moyo ukiachwa peke yake bila amri yoyote kutoka kwenye neva, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Ukiwa umeketi unapiga 60 au 70 kwa sababu neva iitwayo vagasi inaushika breki. Unapoanza kukimbia, kitu cha kwanza ubongo unachofanya ni kuiachia hiyo breki. Adrenalini na neva za kuchochea huja baadaye kidogo, mzigo unapozidi. Ukisimama, mpangilio unageuka: vagasi inarudi kazini ndani ya sekunde chache, ilhali adrenalini iliyokwisha kumwagika kwenye damu inahitaji dakika kadhaa kuisha. Ndiyo maana mapigo hushuka kwa kasi mwanzoni, kisha yanaanza kujivuta.

Mwaka 1994 watafiti wa Japani, Imai na wenzake, walilithibitisha hilo kwa njia ya wazi. Waliwapima watu wa kawaida, wanamichezo wanaoteleza kwenye theluji masafa marefu, na wagonjwa wa moyo uliochoka. Sekunde 30 za mwanzo ndizo zilizowatofautisha: wanamichezo walishuka haraka, wagonjwa walishuka polepole. Walipotumia atropini, dawa inayoinyamazisha vagasi, mteremko huo wa haraka ukapotea.

Miaka mitano baadaye hospitali ya Cleveland Clinic ikatoa namba ambayo tangu hapo imenukuliwa kila mahali. Watu wazima 2,428 walipimwa kwenye mashine ya kutembea, kisha wakafuatiliwa kwa miaka sita. Wale ambao mapigo yao yalishuka 12 au pungufu katika dakika ya kwanza walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, na hata baada ya umri na magonjwa mengine kuingizwa kwenye hesabu, hatari ilibaki mara mbili. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa waliokuwa wamewafuatilia wanaume 5,713 wafanyakazi wa Paris kwa zaidi ya miaka 20 waliripoti kuwa walioshuka chini ya mapigo 25 katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kufa ghafla.

Hizi namba mbili, 12 na 25, zinatofautiana sana, na kosa ninaloliona kwa makocha wengi ni kuchukua mojawapo na kuigeuza sheria ya timu. Wa Cleveland waliendelea kutembea polepole baada ya kupimwa. Watu wa kundi jingine, lililochunguzwa mwaka 2001, walilazwa kitandani mara tu walipomaliza, na mpaka wa hatari ukasogea hadi 18, kwa sababu mtu aliyelala damu humrudia moyoni bila kazi na mapigo hushuka upesi zaidi. Tena wote hao walikuwa watu wazima waliopimwa ili kujua nani yuko hatarini. Kijana wa miaka 18 anayecheza ligi ya wilaya ya Busega atashuka 12 hata akiwa na mafua. Kumwambia kwamba amefaulu kwa sababu amevuka 12 ni sawa na kutomwambia kitu.

Twende kwenye ubishi wenyewe wa michezo mbalimbali. Mwaka 2010 Sergej Ostojic wa Serbia na wenzake waliwalinganisha wanamichezo wa mwendo usiokatika, kama waendesha baiskeli na wakimbiaji wa masafa marefu, na wale wa michezo ya kukatika-katika, kama soka na mpira wa kikapu. Wote walisukumwa hadi mwisho wa uwezo wao. Katika sekunde 10 na sekunde 20 za kwanza, wa michezo ya kukatika-katika walishuka haraka zaidi. Baada ya hapo tofauti ilififia, na kufikia dakika moja makundi yakawa yamelingana.

Mimi nayaona matokeo hayo kuwa na mantiki sana. Kiungo wa kati anakimbia mita 20, anasimama, anatembea, anageuka, anakimbia tena. Wa netiboli akidaka mpira haruhusiwi kutembea nao. Anasimama papo hapo, anatoa pasi, anafyatuka upya. Kwa saa nzima mwili wake unafanya mazoezi ya kuachia na kushika ile breki ya vagasi. Mwendesha baiskeli aliyetoka Bariadi kuja Lamadi, kilomita zipatazo 70, yeye amejifunza jambo jingine: kuushikilia moyo mahali pamoja kwa saa mbili na zaidi bila kupasuka. Moyo wake ni mkubwa, unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, lakini kusimama ghafla si kazi aliyoizoea.

Angalia pia kejeli iliyomo. Tofauti ya kweli kati ya michezo hiyo iko kwenye sekunde 20 ambazo kocha mwenye vidole viwili na saa ya simu hawezi kuzipima sawasawa. Akifika kwenye dakika moja anayoweza kuipima, tofauti imeshatoweka. Mabishano mengi yanaendeshwa pale pale ambapo hakuna cha kubishania.

Mkimbiaji wa mita 400 ni habari nyingine. Anamaliza na misuli iliyojaa asidi, na misuli hiyo inaendelea kupeleka ujumbe kwenye ubongo kwamba kazi bado haijaisha. Neva za kuchochea haziachii, vagasi inachelewa. Atashuka polepole kuliko mwenzake wa mita 10,000, naye anaweza kuwa bingwa wa mkoa. Ukimpanga kwenye jedwali moja na wakimbiaji wa masafa marefu utamwonea. Hali ni hiyo kwa wanyanyua vyuma na wapigana mieleka, na hapo umbo la moyo lenyewe linaingia. Tangu mwaka 1975 Morganroth na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji na waogeleaji huwa na chumba cha moyo kilichopanuka, ilhali wapigana mieleka na warusha tufe huwa na ukuta ulionenepa. Mwaka 2019 kundi la kina Shave na Lieberman lilirudi kwenye jambo hilo kwa upana zaidi. Waliwalinganisha wakimbiaji, wachezaji wazito wa futiboli ya Kimarekani, wakulima wa Tarahumara wa Meksiko, na hata sokwe. Mioyo ya wale wakulima ilielekea upande wa wakimbiaji ingawa hakuna aliyewaita wanamichezo.

Hilo linatuhusu sisi wa Simiyu. Wilayani Meatu, ndani ya mkoa huu huu, wanaishi baadhi ya Wahadzabe, na jamii hiyo imevalishwa vipima-moyo na watafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanatumia takriban dakika 135 kwa siku katika kazi ya kuuchangamsha moyo kwa kiwango cha kati au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Mcheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, anayerusha jembe hewani na kulidaka huku akichuchumaa na kuinuka naye yumo katika hesabu hii. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, huamuliwa kwa ukubwa wa umati unaovutwa na kila upande, na hakuna mzee atakayekubali waamuzi waanze kushika vifundo vya mikono ya wachezaji ili kuhesabu mapigo. Lakini ningependa sana kuziona namba zao.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaacha michezo. Mwaka 2006 Buchheit na Gindre walionyesha kwamba kasi ya mapigo kushuka baada ya mazoezi inaendana zaidi na wingi wa mazoezi ambayo mtu anayafanya kwa sasa kuliko na ukubwa wa uwezo wake wa kutumia oksijeni. Kwa lugha ya uwanjani: dakika ile ya kwanza inaonyesha mtu anafanya nini wiki hizi, zaidi ya kuonyesha yeye ni nani. Mwenye kipaji aliyekaa likizo ya mwezi mmoja anaweza kushuka polepole kuliko wa kawaida anayehudhuria kila siku.

Kwa upande wa ziwa kuna sababu nyingine ya mapigo kugoma kushuka, nayo ni maradhi, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike safu hii badala ya kuwaachia wenye maabara. Ili kuiona, chukua kipimo cha zamani na cha bei rahisi, kilichotungwa Harvard mwaka 1943 na Lucien Brouha wakati wa vita. Unahitaji benchi la urefu wa sentimita 50 tu. Mtu anapanda na kushuka mara 30 kwa dakika kwa muda wa dakika tano, au mpaka ashindwe. Kisha anakaa, na unahesabu mapigo kwa nusu dakika mara tatu: kuanzia dakika ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya kukaa. Zidisha sekunde alizodumu kwa 100, gawa kwa jumla ya mapigo uliyohesabu mara mbili. Aliyemaliza sekunde 300 na kupata 70, 58 na 50 ana jumla ya 178. 30,000 ukigawa kwa 356 unapata 84, alama nzuri. Chini ya 55 ni dhaifu. Kipimo chote hicho kimejengwa juu ya kitu kimoja, mapigo kurudi chini.

Mtafiti Lani Stephenson na wenzake walikichukua kipimo hicho hadi kwa wavulana wa shule ya msingi pwani ya Kenya. Wavulana hao walikuwa na minyoo: safura, mchango na minyoo ya mjeledi. Baadhi walipewa dozi moja ya albendazoli, wengine vidonge visivyo na dawa. Wiki saba baadaye, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, alama za waliotibiwa zilikuwa zimepanda kwa kiasi cha kuonekana wazi. Za wengine hazikupanda. Hakuna aliyewaongezea mazoezi. Kilichobadilika ni minyoo kupungua.

Sasa uweke mfano huo mwambao wa Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku hapa kwa anayevua, anayeoga na anayefua ziwani. Malaria ipo. Kila nyuzi moja ya homa huupandisha moyo kwa takriban mapigo 10 hata mtu akiwa amelala. Kuna pia selimundu: uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kaskazini-magharibi mwa Tanzania mtoto mmoja kati ya watano ana kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Mwenye kinasaba kimoja si mgonjwa, anacheza kama wengine, ila akikimbizwa sana juani bila maji misuli yake iko hatarini zaidi kuliko ya mwenzake. Mwenye upungufu wa damu, kwa sababu yoyote ile, moyo wake unalazimika kupiga zaidi ili kubeba oksijeni ileile, na unachelewa kutulia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambaye mwezi uliopita alishuka 40 na leo anashuka 22, kwa mzunguko uleule na jua lilelile, asiongezewe mbio za milima. Aulizwe kama anaumwa, akapimwe damu, malaria na choo. Nasema hivi nikijua kwamba kocha wa shule ana filimbi moja, mpira mmoja na watoto 30. Lakini kituo cha afya kipo karibu zaidi kuliko maabara yoyote ya michezo, na vipimo hivyo vinafanyika huko.

Kuhusu kupima kwa mkono: hesabu sekunde 15 mara mtu anaposimama, zidisha kwa 4, anza tena dakika moja kamili inapotimia. Ukikosea pigo moja umekosea manne, kwa hiyo usijenge hadithi juu ya tofauti ya matatu au manne. Saa za mkononi zenye taa chini husaidia, ila nyingi huchelewa kuufuata moyo unaoshuka kwa kasi. Mkanda wa kifuani, wa aina ambayo Wafini wa Polar waliuingiza sokoni miaka ya 1980, bado ni wa kuaminika zaidi. Mkao uwe mmoja siku zote. Kuinama au kuketi, chagua na usibadilishe.

Na usilinganishe alama za watu wawili walioanzia sehemu tofauti. Tuseme winga anamaliza kwenye 190 na kushuka hadi 150, mwendesha baiskeli anamaliza kwenye 165 na kushuka hadi 130. Wa kwanza ameshuka 40, wa pili 35. Hapo hakuna mshindi. Aliyepanda juu ana nafasi kubwa zaidi ya kuteremka, na huyu wa baiskeli amemalizia kwenye mteremko wa kuelekea ziwani ambako miguu ilikuwa imeshaanza kupumzika. Mtu alinganishwe na yeye mwenyewe, kwenye mzigo uleule.

Robert Lamberts na wenzake wa Cape Town walifanya hivyo hasa kwa waendesha baiskeli 14 waliowapa wiki nne za mazoezi makali. Wale ambao kasi ya mapigo kushuka iliendelea kuongezeka wiki hadi wiki walipunguza zaidi muda wao wa kilomita 40. Wale ambao ilirudi nyuma, faida yao ilikuwa ndogo zaidi. Alama ilitangulia kuonyesha nani anaubeba mzigo na nani umemlemea.

Ingekuwa vizuri habari ingeishia hapo, kupanda ni kuzuri na kushuka ni kubaya. Mwaka 2015 kundi la Aubry, Ufaransa, liliwachosha kwa makusudi wanamichezo wanaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio, wiki tatu za mazoezi kupita kiasi. Waliochoka kweli, ambao uwezo wao ulikuwa umeporomoka, mapigo yao yalishuka haraka kuliko mwanzo. Mwili uliochoka hauwezi kupanda hadi kilele chake cha kawaida, kichocheo kimepungua nguvu, na breki inashika bila upinzani. Kwenye daftari mtu huyo anaonekana yuko kwenye ubora wake: mwezi uliopita alishuka 38, leo 46. Kumbe zamani mzunguko ule aliumaliza kwa dakika sita na sasa anatumia sita na nusu, usiku hapati usingizi, na chakula anakisukuma pembeni. Kocha aliyeandika mapigo bila kuandika muda wa mbio atampongeza na kumwongezea mizunguko miwili.